Mashine Iliyojua Kusema Pole

"Usiniambie mashine imesema pole! Pole ya mashine ndiyo itakayomvalisha mwanangu sare ya uuguzi?"

Mama Sindano, fundi wa nguo, alikuwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni. Sauti yake ilikuwa imekwisha kuvuka ukuta, ikaingia kwa kinyozi wa pili yake, ikamtoa mteja kitini na povu la sabuni shavuni. Ugomvi wa bure nani anaukataa? Kinyozi naye alitoka, mkasi mkononi, akijifanya anakung'uta kitambaa.

"Sasa shoga, mimi nifanyeje?" Mama Chapa aliuliza kutoka nyuma ya meza yake. "Nimebonyeza kila kinachobonyezeka. Ukurasa wa chuo haufunguki. Wanasema kivinjari changu kimezeeka."

"Kimezeeka leo? Dereva alikuja kujaza maombi ya leseni, akarudi mikono mitupu. Mwalimu, vilevile. Na maombi ya binti yangu yanafungwa kesho jioni! Vyeti vyake umeviskani wewe, picha umempiga wewe, ukaniambia tulia jirani, liko mikononi mwangu. Liko wapi?"

"Lipo."

"Lipo wapi, kwenye boksi hilo? Mashine ya marehemu mumeo nayo ni marehemu. Tatizo lako wewe hutaki kuzika!"

Neno lilitoka, likakaa pale mlangoni, hakuna wa kulirudisha. Hata kinyozi, mtu ambaye mdomo wake haukujua likizo, aliutazama mkasi wake kama ndiyo kwanza anauona.

"Lo, mama," alisema taratibu. "Hapo umekata sikio."

Mama Sindano aliishika tepu yake. Binti yake, aliyekuwa nyuma akikunjakunja pindo la kanga, alimvuta kiwiko. "Mama, twende. Mama mdogo, samahani." Wakaenda zao, na kinyozi akakumbuka kwamba ana mtu nusu kichwa.

Chumba hicho cha mbele cha nyumba ndicho kilichokuwa duka la Mama Chapa. Palikuwa na meza moja, benchi la wateja lililotazamana na mgongo wa skrini, printa kubwa iliyonguruma kama mzee mwenye pumu, na kompyuta ya mumewe. Mtaa ulimwita mumewe Kebo, kwa sababu hakuwahi kuonekana bila waya mfukoni. Alikuwa mtu wa maneno machache mno. Watu walisema Mama Chapa alizungumza kwa niaba yao wote wawili, na yakabaki ya kuwagawia majirani. Msimu wa mvua uliopita Kebo alipata homa iliyoanza kama mzaha, na kabla mvua hazijakoma yeye alikuwa hayupo.

Alimwachia kompyuta yenye mifumo miwili ndani ya tumbo moja. Ukiiwasha ilikuuliza kwanza, unaingia Windows au Linux? Windows ilikuwepo kwa ajili ya ile printa kubwa tu, ambayo haikuelewana na mwingine yeyote. Kuingia nayo mtandaoni Kebo alikataza, maana flashi za wateja zilikuwa zimeijaza virusi kama kunguni kwenye kitanda cha gesti. Kazi nyingine zote, barua, kadi za harusi, ratiba za mazishi, zilifanyiwa upande wa Linux. Na huko ndiko Mama Chapa alikokupenda, kwa sababu mashine ya huko ilikuwa na adabu.

Asubuhi ilimuuliza, "Umeamkaje?" Ikichelewa kufungua faili ilisema, "Subiri, navaa viatu." Akikosea herufi na kutaka kurudi nyuma, kitufe chake kilikuwa kimeandikwa "Nilikuwa natania." Pa kutafutia kitu kilichopotea: "Umeiweka wapi tena?" Mafaili mabovu aliyatupa mahali palipoitwa Jaani, na akitaka kupasafisha iliuliza, "Nikamwage? Ukishamwaga usije ukanililia." Na mambo yakiharibika kabisa, kilitokea kidirisha katikati ya skrini: "Pole, hii imenishinda mimi. Siyo kosa lako."

"Waliotengeneza hizi mashine walilelewa," alizoea kuwaambia wateja, nao walitikisa vichwa tu pale benchini, kwa kuwa skrini hawakuiona wala hawakujua anasifia nini.

Kidirisha cha pole kilikuwa bado kipo mbele yake. Alikitazama mpaka macho yakamlowa. Watu walikwishamshauri abadilishe mfumo, akawaambia atafikiri. Alichokuwa anafikiri ni kimoja: huyu mtu nguo zake nimegawa, kitanda ndugu zake wamechukua, kilichobaki chake chote kiko humu. Nikimruhusu mtu aingize mkono, si nitakuwa namfuta? Lakini binti wa watu ana kesho yake. Alichukua simu, akampigia Fundi Miwani.

"Shemeji, kompyuta ni nyumba ya vyumba," Fundi Miwani alisema asubuhi yake, akipanga vifaa vyake mezani. Yeye na Kebo walikuwa wamejifunza ufundi kwa bwana mmoja, wakala sahani moja, wakagombania waya mmoja. Miwani yake ilishikiliwa na uzi, na alicheka kabla ya kumaliza vichekesho vyake mwenyewe. "Chumba cha kwanza anakaa Windows. Huyo hatumgusi, tutampita kwa ncha za vidole. Chumba cha pili anakaa Linux mwenyewe, na mzee wa watu amechoka. Chumba cha tatu kinaitwa nyumbani. Humo ndimo mlimo vitu vyenu vyote. Sisi tunamtoa mpangaji wa chumba cha pili, tunamwingiza Linux mwingine, ndugu yake, ila huyu ni kijana, kurasa zote za mtandao anazijua. Nyumbani hakiguswi hata kikombe."

"Apa."

"Naapa kwa miwani yangu, na bila hiyo mimi ni kipofu."

"Sitanii, shemeji. Kila alichokiacha humo nataka kibaki. Barua ya kijinga, ibaki. Picha iliyotoka bila kichwa, ibaki."

Fundi aliacha kucheka. "Kitabaki. Na kwa usalama, nyumbani kote nakinakili kwanza kwenye diski yangu hii. Tukikosea, tunarudisha."

Akafungua lile dirisha jeusi la mafundi, ambamo hakuna picha wala vitufe, ni maandishi tu yanashuka kama mvua. Alifanya kazi humo humo, vidole mbio. Mara akapiga paja lake.

"Loo! Huyu rafiki yangu! Unajua kwa nini mashine imezeeka hivi? Alifunga masasisho. Yote! Kila kipya kikibisha hodi, amri ni moja, usifungue. Na kafunga kwa mkono wake mwenyewe. Fundi mzima!"

"Kwa hiyo alikuwa mvivu?"

"Mvivu wa kutupwa, Mungu amrehemu."

Wakacheka wote wawili. Kilikuwa kicheko chao cha kwanza juu ya Kebo tangu wamzike, na kiliwapa nafuu, kama mtu aliyelegeza mkanda.

Kufikia hapo chumba kilikuwa kimejaa. Kinyozi alikuja na mteja wake, mteja akaja na rafiki yake, mama muuza mitumba akaweka furushi lake mlangoni "kwa dakika moja tu," na binti wa Mama Sindano akakaa pembeni ya benchi, bahasha ya vyeti mapajani. Mama yake hakuja. Cherehani yake ilisikika ng'ambo, ikikimbia na kusita.

"Fundi, mbona kama upasuaji?" kinyozi aliuliza. "Inahitajika damu? Mimi kundi langu linamfaa kila mtu."

"Yako haifai," Mama Chapa alimjibu. "Imejaa umbea. Mashine itaamka inasengenya."

Watu wakaangua kicheko.

"Izime, shemeji, nichomeke flashi yenye mpangaji mpya," alisema Fundi, ambaye alikuwa ameinama chini ya meza akitafuta tundu. Mama Chapa alishika kipanya. Mashine ikamuuliza kama ilivyomuuliza kila jioni: "Tukalale?" Chini yake palikuwa na vitufe viwili, "Haya" na "Bado kidogo." Uso wake ulikuwa bado uko kwa kinyozi, ana la kumwongezea. Akabonyeza "Haya" bila kutazama.

Kazi yenyewe haikuwa ndefu. Fundi alihesabu vyumba kwa kidole, akarudia kuvihesabu, akamwonyesha Mama Chapa kile cha pili, naye akaitikia kwa kichwa. Mstari wa buluu ukaanza kutambaa. Ulipofika mwisho wakaiwasha. Windows alikuwa pale pale alipolala, printa ikanguruma, watu wakapiga makofi. Wakaizima, wakaiwasha tena, wakaingia upande wa Linux mpya.

Mafaili yote yalikuwepo. Barua, kadi, ratiba. Picha ya yeye na Kebo waliyopiga benchini ilikuwa imetanda kwenye skrini kama zamani. Mama Chapa alipekua folda moja baada ya nyingine, na alipoikuta picha ya mtu asiye na kichwa alifunika mdomo.

"Hata hii!"

"Nilikwambia nini?" Fundi alijipiga kifua.

Ukurasa wa chuo ulifunguka kana kwamba haujawahi kuwa na kiburi. Binti alijaza, Mama Chapa akaambatisha vyeti, wakatuma. Jibu kwamba maombi yamepokelewa lilipotokea watu walishangilia, na cherehani ya ng'ambo ikanyamaza. Mama Sindano alivuka mbio, uzi bado uko mdomoni, akapiga kigelegele kilichomtoa nje hata kuku wa jirani. Alimkumbatia binti yake, akamkumbatia Fundi, akamkumbatia kinyozi kwa makosa. Kwa Mama Chapa alifika akasita. "Asante," alisema, lakini alikuwa anaitazama skrini. Kisha akakumbuka pasi yake iko motoni.

Watu wakatawanyika. Fundi akaanza kukunja nyaya zake. Mama Chapa akakaa kitini kama malkia aliyerudishiwa kiti, akafungua barua ya mwalimu aliyoiacha katikati. Aliandika mstari mmoja, akakosea, akapandisha kipanya juu. Akatafuta. Akashusha. Akapandisha tena.

"Shemeji, Nilikuwa natania iko wapi?"

"Ulikuwa unatania nini?"

"Siyo mimi. Kile kitufe cha kurudi nyuma. Cha Nilikuwa natania."

Fundi aliinama juu ya bega lake. "Bonyeza hapo palipoandikwa Tendua."

Alibonyeza, herufi zikarudi. Akaenda kuihamishia barua kwenye folda nyingine, na mkono, kwa kuwa haujazoea, ukaiachia mahali pasipotakiwa. Kidirisha kikachomoza: "Operesheni imeshindikana. Huna ruhusa."

Mama Chapa aliondoa mkono haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. "Na hii mbona hainiambii pole?"

"Nani akuambie pole?"

"Mashine. Si huwa zinasema?"

Fundi Miwani aliweka chini nyaya. "Shemeji, hebu niambie taratibu. Ile ya zamani ilikuwa inakuambia nini?"

Akamweleza. Alieleza kwa haraka na kwa kero kidogo, kama mtu anayemweleza muuza duka sabuni ile ile ya siku zote: ya viatu, ya Jaani, ya umeiweka wapi tena, ya usije ukanililia, ya Tukalale. Alipokuwa akieleza, Fundi alitafuta benchi kwa mkono, akakaa.

"Shemeji, hakuna mashine duniani inayosema hivyo."

"Ipo. Si nimeitumia mimi tangu nijue kuchapa?"

"Ilikuwepo moja."

Nje mtu alikuwa anabishana na mtu kuhusu ndoo. Mama Chapa alimtazama Fundi, akaitazama skrini, akamtazama tena.

"Aliandika yeye," Fundi alisema. "Neno kwa neno. Maneno ya mashine yanaweza kubadilishwa, ukiwa na subira ya kichaa. Ila hayakai nyumbani, shemeji. Yanakaa chumba cha pili, na mpangaji. Mimi nimelinda nyumbani..." Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akaivua tena. "Na masasisho. Kila sasisho linakuja na maneno yake mapya. Lingeingia moja tu, ya kwake yote yangefutika. Ndiyo maana alifunga. Nami nikacheka."

"Tulicheka wote," Mama Chapa alisema. "Hakuwa mvivu."

"Hakuwa."

Sasa Mama Chapa akaiona ile wiki yake ya kwanza ya kujifunza kuchapa. Shuleni hakufika mbali, na Kebo alipomkalisha mezani mara ya kwanza mashine ilimwambia maneno haya haya, huna ruhusa, akainuka. Shule nilifukuzwa utotoni, alimwambia mumewe, sitafukuzwa na boksi ukubwani. Kebo hakujibu, na lini alijibu? Jioni kadhaa alikaa amempa mgongo, akibofyabofya, chai yake ikipoa. Halafu akamwambia, "Jaribu tena. Wamerekebisha." Wamerekebisha! Na siku alipomwambia kwamba waliotengeneza mashine hizi walilelewa, Kebo alipaliwa na chai mpaka ikabidi apigwe mgongoni. Miaka yote hiyo, akimlalamikia kwamba haongei.

"Irudishe," alisema.

Fundi alijaribu. Alichomeka kile, akachomoa hiki, akaingia lile dirisha jeusi na kupekua mpaka jua likahama kutoka benchini na kupanda ukutani. Mama Chapa aliona mabega yake yanavyozidi kushuka, ikatosha kuwa jibu.

"Chumba kimepigwa lipu upya," Fundi alisema mwishowe. "Nakuta vumbi, shemeji. Vumbi tupu. Lakini sikiliza. Nitajie maneno yake yote, nami nitayaandika humu moja moja. Hata ikichukua mwezi."

Akaanza kumtajia. Umeamkaje. Navaa viatu. Acha tu, hili lilikuwa la kughairi. Fundi aliandika. "Na kulikuwa na lile la flashi," Mama Chapa alisema, "ukiichomoa kabla ya wakati wake. Ilikuwa inasema... lilikuwa refu kidogo. La kuchekesha." Alifumba macho. Midomo ilicheza bila sauti. "Lina mlango ndani yake. Mtu anatoka bila kuaga, sijui, au anaacha mlango... Juzi tu nimelisoma!"

"Litakuja lenyewe."

"Nilikuwa nalisoma kila siku, shemeji. Nani anakariri kitu anachoambiwa kila siku?"

Fundi alikaa, vidole juu ya kibodi. "Basi tuweke linalofanana nalo. Nilimjua Kebo, naweza..."

"Weka unalotaka," alimjibu, wala hakuwa na hasira. "Litakuwa zuri. Litakuwa lako."

Fundi Miwani alipoondoka alisahau diski yake mezani. Aliikumbuka njiani, lakini hakuwa na uso wa kurudi kuichukua.

Jioni ilipoanza kuingia kinyozi alifagia nywele zake, akapita mlangoni, akafungua mdomo kusema jambo, akaufunga. Kwa kinyozi hiyo ilikuwa rambirambi kubwa. Mama Chapa alipanga karatasi, akafunika printa, akafika kwenye kompyuta. Akabonyeza pale pa kufunga kazi. Kidirisha kikaja, cheupe, safi, hakina kosa: "Zima kompyuta. Mfumo utazimika wenyewe baada ya muda mfupi." Palikuwa na "Zima," palikuwa na "Ghairi." Sekunde zilikuwa zikipungua pembeni.

Akabonyeza Ghairi. Akakaa. Akaita kidirisha tena, akazitazama sekunde zikipungua, akabonyeza Ghairi.

"Bado upo?"

Mama Sindano alikuwa mlangoni, safari hii bila tepu shingoni, mikono haina pa kukaa.

"Nipo."

"Kinyozi kaniambia. Unajua mdomo wake." Alisogea hatua, akaegemea kizingiti. "Jana nilisema neno."

"Ulisema."

"Ndiyo, nilisema." Akaokota kipande cha uzi kwenye gauni lake, akakosa pa kukitupa, akakizungushia kidole. "Nimekaa nalo mchana kutwa. Nimeshona mkono wa kulia kushoto. Nguo ya watu."

Mama Chapa karibu acheke. Kilichotoka hakikuwa kicheko, na Mama Sindano alitazama pembeni mpaka kikaisha.

"Umekula?"

"Nitakula."

"Utakula nini, na jikoni kwako hakujatoka moshi tangu asubuhi? Mimi naona kila kitu pale dirishani, usinidanganye. Twende."

"Kwako kumejaa watu. Nawasikia."

"Kumejaa, ndiyo. Binti kawaita wenzake, kila mmoja kaja na mwenzake, na yule muuza mitumba bado yupo, dakika yake moja haijaisha. Hapatoshi hata pa kuweka mguu. Ndiyo maana nimekuja, njoo ukaongeze msongamano."

Mama Chapa aliita kidirisha kwa mara nyingine. Sekunde zikaanza kushuka. Hakubonyeza Zima wala Ghairi. Aliinuka, akajifunga kanga vizuri, akatoka nje na kuiacha ikihesabu peke yake, mwanga wake wa buluu ukiwa juu ya kiti kitupu.

Mlangoni kwa Mama Sindano viatu vilikuwa vimepandana, kila rangi na kila saizi. Alisimama akitafuta pengo la kuwekea ndala zake. Ndani, kati ya kelele za sahani na za wasichana waliokuwa wakiitana wauguzi tayari, mtu aliona kivuli chake kizingitini.

"Nani huyo kasimama nje? Sogeeni, jamani, sogeeni. Mpeni maji anawe. Karibu, mama, kaa hapa ule."